Wastaafu mnaoishi ugenini, na sisi tunaowahangaikia makaratasi: kuhuisha kibali cha ukaazi kumewatoa jasho vipi? Tupeane uzoefu

Mwana wa Ligula

Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Nipo Mtwara mjini. Sijastaafu, hata ajira yenyewe ni ya msimu wa korosho. Ila nimejikuta karani wa baba yangu mdogo, ambaye alifanya kazi Bangkok kwa miaka mingi, akastaafu, akaamua kubaki hukohuko Thailand, mji wa Hua Hin, ufukweni. Tukimuuliza kwa nini harudi, anasema magoti yamezoea joto la kule. Joto la kwetu lina kasoro gani, hajawahi kusema.

Kule mstaafu mgeni huongezewa muda wa kuishi mwaka mmojammoja. Awe na umri wa miaka 50 kwenda juu, na awe na baht (hela ya kule) 800,000 kwenye benki ya kule kwa jina lake, au aonyeshe kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au achanganye vyote viwili ifike hiyo 800,000 kwa mwaka. Baba mdogo anatumia njia ya akaunti. Hela inatakiwa iwe imekaa miezi miwili kabla ya kuomba, ikae mitatu mingine baada ya kupewa, na muda uliobaki isishuke chini ya 400,000. Ada ya maombi ni baht 1,900 tu. Ada haijawahi kumtesa mtu. Kinachotesa ni hiyo hela kukaa.

Maana ukibadilisha kwa shilingi ni zaidi ya milioni hamsini. Sasa nenda Masasi kaieleze familia kwamba ndugu yao ana milioni hamsini na ushee benki lakini hana hela. Nyumba ya bibi inavuja. Shangazi anataka kuchimba kisima. Kikao kimoja mjomba akasimama akauliza, "Hizo hela zimekaa zinafanya nini? Zinataga?" Watu wakacheka, lakini ilikuwa kicheko cha hasira.

Kilichotokea ndicho kilichonifanya nianzishe uzi huu. Shangazi yetu mkubwa alifariki ghafla. Baba mdogo akakata tiketi usiku uleule, kesho yake yuko angani. Msiba ukaisha, arobaini ikapita, yuko Mtwara anakula ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, kwa chumvi, ndipo rafiki yake wa kule akampigia simu: "Ulichukua kibali cha kurejea kabla ya kutoka?" Hakuchukua. Kumbe ule mwaka aliouhangaikia ulikufa siku aliyogongewa muhuri wa kutoka. Kibali cha kurejea mara moja ni baht 1,000, cha kurejea mara nyingi 3,800, na hata pale uwanja wa ndege wa Bangkok kuna dirisha la kukitoa kabla hujapanda ndege. Alipita na begi lake, macho yamejaa machozi, hakuliona.

Akaanza upya kupitia ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Viza mpya ikampa siku 90 akishaingia, na ndani ya hizo siku 90 hela iwe imeshatimiza miezi miwili kwenye akaunti. Na huku msibani mkono ulikuwa umeshalegea, maana arobaini haijisimamii. Alivyoziba pengo lile aje aeleze mwenyewe akipenda, mimi nina adabu.

Haya, na nyie mwageni.

Chuno Original

Mkuu, "zinataga" imeniua kabisa. Mjomba wako apewe uwaziri wa fedha.

Nesi Mstaafu, Newala

Marahaba wanangu.

Mimi sikwenda mbali, nilivuka Ruvuma tu. Nilistaafu kwa lazima nilipofika miaka 60, nikakaa Newala nikibangua korosho, baadaye binti yangu aliyeolewa Pemba ya Msumbiji (siyo Pemba ya karafuu, kila mara naulizwa) akanichukua nimlelee wajukuu. Ukikaa kule muda mrefu unatafuta kadi ya ukaazi ya mgeni, wenyewe wanaiita DIRE. Yangu ni ya mwaka mmoja, kila mwaka narudi dirishani.

Mwaka wa kwanza nilipita kwa urahisi. Mwaka wa pili wakataka nionyeshe ninavyojikimu, yaani karatasi ya pensheni, tena iliyotafsiriwa Kireno na mfasiri aliyeapishwa. Nikasema hilo dogo, nitaomba nyumbani. Naomba, naambiwa pensheni yangu imesimama kwa sababu sijahakikiwa. Mstaafu anatakiwa ajitokeze kila mwaka ithibitike yu hai, na mimi nilikuwa Pemba nalea. Kwa hiyo nchi moja inanidai karatasi ya hela, na nchi nyingine imeshika hela mpaka nithibitishe kwamba sijafa.

Ubalozi wetu uko Maputo. Kutoka Pemba hadi Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000, mwanangu, ni heri nirudi kwetu. Nikapanda gari mpaka Mueda, nikashuka Negomano, nikavuka Daraja la Umoja kwa miguu, mita 720, kikapu kichwani, pasipoti na kadi nimezifunga kwenye nailoni shingoni kama hirizi. Tangu machafuko yaanze Cabo Delgado mwaka 2017 sisafiri karatasi zikiwa kwenye begi, begi linaweza kupotea.

Nimefika ofisi ya pensheni, naambiwa niweke kidole. Kidole kikakataa. Cha pili kikakataa. Kijana akafuta kioo kwa kitambaa, akanishika mkono mwenyewe akaukandamiza, wapi. Akavitazama vidole vyangu, akauliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Nikamwambia nabangua. Wanaojua korosho mmeshaelewa. Yale mafuta ya ganda huunguza ngozi, na mimi miaka yote nilikuwa nabangua bila kupaka majivu wala mafuta ya kula, kwa haraka tu. Ncha za vidole zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika.

Akaniambia nisiguse korosho wiki mbili, nipake mafuta ya nazi asubuhi na usiku, nirudi. Nilikaa kwa mdogo wangu nikiangalia wenzangu wanabangua, mikono nimeipakata kama bibi harusi. Baada ya wiki mbili kidole gumba cha kushoto kikasoma. Kimoja hichohicho. Ndicho ninachokitunza hadi leo, hata kitunguu nakishika kwa mkono wa kulia.

Kwa hiyo wastaafu wa serikali mlioko nje, msianze na kadi ya ugenini. Anzeni na uhakiki wa nyumbani, kisha barua ya pensheni, kisha mfasiri, ndipo dirishani. Mimi nilianzia mwisho nikarudi nyuma, nauli ikaniisha.

Mwera wa Rutamba

Dada Nesi, pole sana. Yako nchi mbili. Mimi mgeni kwetu.

Nilizaliwa Rutamba, Lindi, mwaka 1953. Nikaingia ubaharia kijana, nikaishia Cardiff, nikaoa, nikachukua uraia wa Uingereza wakati ule watu walikuwa hawaulizi mara mbili. Sheria ya kwetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo siku ile ndiyo niliuacha Utanzania, ingawa sikuhisi chochote, nilikula samaki na chipsi nikalala. Nimerudi 2019 na pasipoti ya kigeni, na ili nikae nyumba niliyojenga kwa jasho langu kwenye shamba la baba, nahitaji kibali cha ukaazi daraja C. Humo ndimo tulimo wastaafu, pamoja na wanafunzi, watafiti, wamisheni na wanaojitolea. Nipo kundi moja na watoto wa miaka 20 waliokuja kupaka rangi madarasa.

Mara ya kwanza, ofisi moja, kijana akanipokea vizuri tu, akasoma fomu, akanisikiliza, halafu akaniuliza kwa heshima zote, "Mzee, Kiswahili umejifunzia wapi?" Nikamjibu, "Kwa mama." Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Nikatakiwa kuwa na mwenyeji. Mwenyeji wangu ni mpwa wangu niliyembeba mgongoni akiwa hana meno. Yeye ndiye aliyeandika barua kwamba ananifahamu na mwenendo wangu ni mzuri. Kila akikosana na mimi ananikumbusha hiyo barua.

Sasa maombi ni ya mtandaoni, unapata namba ya malipo, unalipa, unasubiri. Hilo sina neno nalo. Ila ada ni kwa dola, na pensheni yangu ni paundi zilizoganda. Wengi hawalijui hili: ukihamia Tanzania, pensheni ya serikali ya Uingereza haipandi tena. Wanaobaki kule inaongezwa kila mwaka. Wanaohamia baadhi ya nchi zenye mkataba nao huongezewa pia. Tanzania haimo. Kiasi nilichokuwa napata wakati nahama ndicho napata leo, wakati mchele wa leo si wa 2019. Na kila baada ya muda wananiletea fomu kwa posta, ijazwe na shahidi kwamba ningali hai. Posta, jamani. Fomu ikichelewa kwenye sanduku la mpwa, nimekufa.

Lililoniumiza zaidi ni 2024. Pasipoti ilikuwa inaisha na kibali kinaisha, vyote ndani ya miezi michache, uzembe wangu mwenyewe. Kibali hakiongezwi juu ya pasipoti iliyokufa, kwa hiyo nikapanga kwenda Dar mwanzoni mwa Mei nipeleke karatasi za pasipoti. Mnakumbuka Mei ile. Kimbunga Hidaya kikapita, maji yakakata barabara ya Dar maeneo ya Somanga. Nilikuwa nimeshafika Nangurukuru. Nimelala kwenye basi, bahasha nimeiwekea kifuani chini ya shati isilowe, abiria mmoja ananiuliza mzee kifua kinakubana? Nikarudi Lindi. Nilipofanikiwa kufika Dar, siku za kibali zilikuwa zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na pasipoti mpya haijatoka.

Nilichofanya: nilikwenda mwenyewe ofisini kabla muda haujaisha, nikaeleza, nikaonyesha risiti ya maombi ya pasipoti. Wakanisikiliza. Ningejificha nyumbani mpaka muda upitilize, ningekuwa mkosaji kijijini kwa baba yangu.

Chuno Original

Mzee wangu shikamoo. Hivi hadhi maalumu ya diaspora inayozungumzwa, ya wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, si itakusaidia?

Mwera wa Rutamba

Marahaba. Naifuatilia kwa karibu, mwanangu. Ila kwa umri wangu nafuatilia pia kibali kisiishe.

Mwana wa Ligula

Wakuu, kuna mtu ameingia humu, naomba tumpe nafasi.

Baba Mdogo

Mwanangu, umenianika mpaka machozi ya uwanja wa ndege. Haya.

Pengo nililiziba kwa kuuza shamba la mikorosho la Nanyamba. Ekari nne. Sasa mnajua. Mjomba wenu bado hajui, na kama anasoma hapa, shikamoo shemeji.

Niwaambie ninavyofanya sasa. Ofisi hupokea maombi siku 30 kabla muda haujaisha, na mwaka mpya unaanza kuhesabiwa pale ule wa zamani unapoishia, kwa hiyo kuwahi hakukupunguzii hata siku moja. Mimi naenda siku ya kwanza ya hizo 30, karatasi ikikosekana nina muda wa kuitafuta. Asubuhi hiyohiyo napita benki kuchukua barua, halafu naweka baht 100 kwenye akaunti. Siyo kwamba zinahitajika. Nataka kitabu cha benki kichapwe mstari wenye tarehe ya leo, maana binti wa dirishani jicho lake linakwenda mstari wa mwisho moja kwa moja. Kitabu chenye mstari wa wiki iliyopita kilinirudisha nyumbani mwaka mmoja, na kutoka kwangu ni teksi. Nakala zote nazitia saini kwa wino wa bluu, ukurasa kwa ukurasa.

Kuna na lile la kuripoti anwani kila siku 90. Linafunguliwa siku 15 kabla na linavumiliwa siku 7 baada, ukipita hapo ni faini ya baht 2,000. Wengi wanadhani kuripoti huko ndiko kuongeza muda. Hapana, ni vitu viwili. Mzungu jirani yangu aliripoti kwa uaminifu mwaka mzima, akasahau kuongeza muda wenyewe. Kupitiliza ni baht 500 kwa siku, inapanda mpaka 20,000. Alilipa.

Dada Nesi, umenigusa kwa kidole gumba. Mimi napokea pensheni ya shirika na huwa wananiletea cheti cha kuthibitisha uhai, nakijaza nikiwa nimevaa suruali nzuri, sijui kwa nini.

Kibali cha kurejea sasa nachukua cha mara nyingi, siku ileile ninayoongezewa muda, hata kama sina safari. Shemeji zangu wawili wana presha.

Ligula, akija mtu wa huku niletee ming'oko. Ya juzi ilifika imeota mizizi.

Mwana wa Ligula

Ekari nne, Baba? Za Nanyamba? Mimi ndiye nilikuwa napalilia.