Tupeane uzoefu: kupanga umeme wa taa, friji, redio na winchi kwenye pikapu

MwenyeUzi
Wakuu, uzi huu ni wa pikapu za kazi: Hilux, Land Cruiser 79, Ranger, D-Max na wenzao. Gari linataka taa za spoti, friji, redio ya upepo, kompresa ya matairi na baadaye winchi (mashine ya kamba ya kulivuta gari likikwama). Kila anayejua aweke vipimo, ili mwenye gari aende kwa fundi akiwa na mpango mkononi.

Naanza na hesabu, maana ndiyo inayorukwa. Chukua karatasi, andika kila kifaa unachokitaka, hata kile utakachokinunua mwakani. Wati gawanya kwa 12, unapata ampea. (Hakikisha kwanza gari ni la volti 12. Land Cruiser za dizeli za zamani zipo zenye mfumo wa volti 24.) Spoti mbili za halojeni za wati 100 kila moja ni ampea 17. Taa ndefu ya LED (light bar) ya wati 180 ni ampea 15. Friji ya volti 12 inavuta 4 hadi 6 motor yake ikizunguka. Redio ya VHF ya wati 25 inavuta kama 5 au 6 unapoongea, ikisikiliza tu haifiki hata 1. Kompresa ndogo ni 15 hadi 30. Inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) ya wati 1,000 ikibebeshwa mzigo wote inapita ampea 90. Winchi ya ratili 9,500 ikivuta kwa nguvu zote inakaribia 400.

Halafu tenga makundi matatu: vinavyowaka pamoja usiku safarini, vya muda mfupi, na vinavyoendelea gari likiwa limezimwa. Kundi la kwanza lilinganishe na altaneta (jenereta ya injini inayochaji betri), ukikumbuka kwamba ampea zilizoandikwa kwenye lebo hupatikana injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu. Ukiwa kwenye foleni, wipa, feni ya AC na taa zikifanya kazi, unapata sehemu tu ya hizo.

FundiWaya_Arusha
Mkuu umeanza panapostahili. Naongezea unene wa waya, kwa sababu hapo ndipo friji nyingi zinaposingiziwa ubovu.

Kanuni ya shaba: zidisha urefu wa kwenda na kurudi kwa ampea, zidisha kwa 0.0175, gawanya kwa mm² za waya. Jibu ni volti zinazopotea njiani. Mfano, kutoka betri hadi nyuma ni mita 5, kwenda na kurudi 10. Ampea 15 kwenye waya wa 2.5 mm² zinapoteza volti 1.05. Kwenye 6 mm² zinapoteza 0.44. Kwa friji usikubali kupoteza zaidi ya volti 0.3, kwa kuwa friji hujizima yenyewe ikiona volti zimeshuka. Betri inaweza kuwa na 12.3 huku friji ikiona 11.7, ikajizima na chakula kikaharibika.

Ushauri wangu ni kupeleka nyuma njia moja nene badala ya nyaya nyembamba sita. Friji 6, redio 6, taa za kazi 5, soketi 10: jumla ampea 27. Vuta 16 mm², chanya na hasi, weka fyuzi ya 60 karibu na betri, na kule nyuma funga kisanduku cha fyuzi sita. Kwa mita 5 unapoteza volti 0.3 vitu vyote vikiwaka kwa pamoja, na kifaa kipya kikija hufungui tena kapeti.

Tahadhari mbili za dukani. Waya wa aluminiamu uliopakwa shaba ni rahisi kununua, lakini upinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi, na terminali zake hulegea. Kwangua kwa kisu: ukiona weupe ndani, urudishe. Na waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu usiingie kwenye gari kabisa, mtikisiko unaukata ndani ya ganda bila kuonekana.

Dereva_Karatu
Fyuzi iwe ukubwa gani na ikae wapi?

FundiWaya_Arusha
Fyuzi inalinda waya, kifaa kina ulinzi wake. Chukua ampea za kifaa, ongeza robo, chagua fyuzi inayofuata juu, kisha hakikisha waya unabeba zaidi ya fyuzi hiyo. Taa za ampea 15: fyuzi 20. Mahali pake ni ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye nguzo ya chanya ya betri. Fyuzi ikikaa kwenye dashibodi, mita mbili zote za kutoka betri hazina mlinzi, na humo ndimo waya unapochubuka kwenye bati na kupiga shoti. Fyuzi ikikatika, usiweke kubwa zaidi. Tafuta kilichoikata.

RileiNaSwichi
Nije kwenye taa za spoti kwenye Toyota, maana hapa mafundi wengi wanazunguka siku nzima.

Rilei ni swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Ya pini nne: 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye taa, 85 na 86 ni koili, yaani sumaku inayoivuta swichi hiyo. Watu wanazoea kufunga 85 kwenye bodi na 86 kwenye waya wa fulu. Kwenye Hilux na Land Cruiser nyingi zenye balbu za H4 (dimu na fulu ndani ya balbu moja) mpango huo unaleta maajabu: spoti zinawaka ukiwa kwenye dimu, ukipiga fulu zinazima. Sababu ni kwamba taa hizo zinawashwa kwa upande wa hasi. Pini ya pamoja ya balbu ina chanya muda wote taa zikiwa zimewashwa, na swichi inachofanya ni kuunganisha hasi ya dimu au ya fulu. Ukiwa kwenye dimu, chanya inapita kwenye uzi wa fulu ndani ya balbu, inafika kwenye koili yako na kukuta njia ya bodi. Rilei inavuta.

Dawa yake: 86 kwenye pini ya pamoja ya balbu, 85 kwenye pini ya fulu. Usiguse bodi. Swichi ya dashibodi ikae kwenye waya wa 86. Pima kwa mita ya umeme kabla ya kukata chochote: washa dimu, weka ncha nyeusi kwenye bodi, nyekundu kwenye pini ya pamoja. Ukipata volti 12, taa ni za kuwashwa kwa hasi. Rilei yenye dayodi ndani (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) inataka 86 iwe chanya, ukigeuza unaiua dayodi.

Kwa gari lenye taa za LED kutoka kiwandani hakuna uzi wala balbu ya kuchomoa. Nunua kiunganishi kilichotengenezwa kwa modeli hiyo, usikate waya wa kiwanda.

Betri_Mbili
Kundi la tatu la MwenyeUzi, la vitu vinavyofanya kazi gari likiwa limezimwa, ndilo linalodai betri ya pili. Friji inayovuta ampea 4.5 na kuzunguka nusu ya muda kwenye joto inakula kama 54 Ah (ampea mara saa) kwa siku. Betri ya asidi ya 100 Ah usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una siku moja hivi, si mbili. Ya kuwashia gari isiguswe.

Gari lenye altaneta ya kawaida linatosheka na rilei inayosoma volti: inaunganisha betri zikifika kama 13.3 na kuachanisha zikishuka kama 12.8. Waya kati ya betri mbili uwe na fyuzi kila mwisho. Hili linasahaulika sana: kila betri inaweza kuuchoma waya huo kutoka upande wake. Ranger mpya na magari mengine yenye altaneta inayoongozwa na kompyuta hushusha volti kwa makusudi, na rilei hiyo inaachia katikati ya safari. Hapo funga chaja ya DC kwa DC (inayochaji betri ya pili kwa volti zake yenyewe) ya ampea 20 au 25. Kwa betri ya lithiamu chaja hiyo ni lazima, kwani ikiunganishwa moja kwa moja inaivuta altaneta hadi kuiunguza. Na lithiamu isikae chini ya boneti penye joto.

Magari hayo yana kihisi kwenye nguzo ya hasi ya betri. Hasi ya vifaa vyako ifunge kwenye bodi au chesisi, baada ya kihisi, la sivyo kompyuta inahesabu chaji vibaya.

Pwani_Tanga
Huku chumvi inakula hasi kwanza. Bodi ya nyuma ya pikapu haina mguso mzuri na chesisi, ina rangi na mipira katikati. Kwangua hadi chuma cheupe, funga kwa bolti na washa ya meno, kisha paka grisi juu. Kipimo: washa kifaa, weka mita kati ya hasi ya kifaa na nguzo ya hasi ya betri. Chini ya volti 0.2 ni safi. Ikizidi 0.5 kuna mguso mbovu, utafute.

Terminali zibanwe kwa koleo la kubania, si plaisi. Kuchomelea kwa risasi kunaufanya waya kuwa mgumu, na kwenye njia ya Serengeti ya kutoka Naabi kwenda Seronera, ilivyojaa mikunjo kama bati, unakatika pale risasi inapoishia. Funika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Tepu nyeusi inayeyuka gundi na kuachia.

Springi_na_Breki
Nje kidogo ya umeme, ila ni mpango huohuo. Bampa ya chuma na winchi vinakaribia kilo 100 mbele, vyote mbele ya ekseli, kwa hiyo springi za mbele zichaguliwe kwa uzito huo. Ukiinua nyuma ya Hilux yenye vali ya breki inayosoma mzigo, rekebisha mkono wa vali. Usipofanya hivyo, vali inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma hata ukiwa na tani nzima.

RileiNaSwichi
Naongeza: wanapochomea bampa kwenye gari, chomoa hasi ya betri kwanza, na hasi ya mashine ya kuchomea ikae karibu kabisa na sehemu inayochomewa. Viunganishi vya rangi ya njano chini ya dashibodi ni vya mifuko ya hewa, msichukue umeme humo hata kidogo.

Dereva_Karatu
Na gari likilala siku tatu betri inakufa?

Betri_Mbili
Pima uvujaji. Zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa ili kompyuta zilale. Mita iwe kwenye ampea 10, iunganishe kati ya nguzo ya hasi na waya wake, na unapouchomoa waya huo mguso wa mita usikatike. Usiwashe switi wakati huo, utaichoma fyuzi ya mita. Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Ukiona 300, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Anza na zile ulizoongeza mwenyewe: kifaa cha kufuatilia gari, inveta iliyoachwa imewashwa, na redio iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri.