Wima 4 imenishinda. Nisaidieni bila kumwaga mtama

KaraniWaMkonge, Ngamiani

Assalaam aleikum ndugu zangu, na wengine hamjambo. Nimekaa barazani kwangu Barabara ya Nane, kikombe cha kahawa cha tatu hiki, saa nne usiku, na usingizi umekataa kwa ajili ya neno moja.

Kwa wasiojua, kuna mwalimu mstaafu hapa Tanga anayetutungia fumbo la maneno la miraba kila Ijumaa. Huchora kwa rula kwenye karatasi ya hesabu, akapiga picha, akatuma kwenye kundi letu la simu. Majibu huyatoa Alhamisi inayofuata. Si yale ya "mji mkuu wa Kenya, herufi 7". Yake kila dokezo lina pande mbili: upande mmoja unataja maana ya neno, upande wa pili unalijenga neno hilohilo kwa hila, na sentensi nzima inajifanya inasimulia habari nyingine kabisa. Hili lilishafungwa wiki mbili zilizopita, kwa hiyo nalitaja bila hofu (namba ya mwisho ni idadi ya herufi): "Kitabu kimevurugika, muulize mwandishi wa mkutano (6)." Siku nzima nilikuwa nawaza maktaba. Kumbe vuruga herufi za KITABU, unapata KATIBU. Jingine: "Bi na damu: sote ndivyo tulivyo (8)." BINADAMU. Neno limekaa mbele ya macho yako na hulioni! Hili nililipenda kiasi kwamba nilimsomea mke wangu jikoni, naye akaacha kukuna nazi akalisema tena polepole.

Sasa Wima 4 ya wiki hii, yaani dokezo namba 4 la kushuka chini:

"Mama yetu wa kwanza kafanywa mdogo, akawa mchungu, wazee wamemzunguka (6)."

Herufi ya pili ninayo, ni A. Ya nne A. Ya sita A. Anayefumbua kwa Kiingereza akiwa na herufi tatu kati ya sita huwa ameshaona mwanga, lakini maneno yetu huishia irabu, na irabu zenyewe ni tano tu. DARAJA inaingia. SALAMA inaingia. HARAKA, SADAKA, WAKALA, zote zinaingia. BARAZA nusura niijaze kwa wino, maana wazee hawakosi hapo, lakini mama yuko wapi, na uchungu uko wapi?

Tabu yangu nyingine ni kwamba kila nikilisoma namwona marehemu mama yangu siku zake za mwisho kule Pongwe, amekuwa mdogo kitandani, na wazee wa mtaa wamekaa kumzunguka. Picha hiyo haitoki, na nahisi ndiyo inayonizuia kuona maneno yenyewe.

Naomba msaada, ila jibu sitaki. Wiki iliyopita nilikuwa na Mlalo 11 niliyoilea tangu Ijumaa, nikitembea nayo sokoni, nikilala nayo. Jumatatu alfajiri nafungua simu, mtu kaliandika jibu kundini kwa herufi kubwa. Hakuwa na nia mbaya, alifurahi tu. Lakini zile siku tatu zangu ziliondoka pale pale, na neno nililopewa sikuona ladha yake hata kidogo. Ndiyo maana nauliza na la pili: fumbo gumu tulizungumze vipi? Kulizungumza ni nusu ya utamu, sitaki tunyamaze mpaka Alhamisi. Ila aliyefika asiwanyang'anye njia walio nyuma.

DogoWaRaskazone

Shikamoo mzee. Wima 4 nimeipata leo asubuhi nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Usijali, simwagi. Ninachoweza kukupa ni mlango tu: nikwambie maana imekaa mwanzo wa sentensi au mwisho?

Kuhusu kundi, sisi vijana tunafanya hivi: kabla ya kuandika chochote cha ndani unaanza na namba ya dokezo, halafu unashusha nukta, moja kila mstari, nyingi, mpaka simu yenyewe iukate ujumbe na kuandika "Soma zaidi". Anayetaka atabonyeza. Asiyetaka anapita.

KaraniWaMkonge

Marahaba mwanangu. Hilo la mlango nipe.

DogoWaRaskazone

Mwisho.

BintiPangani

Mzee wangu, pole na kazi. Nami naomba niseme, maana hili la kumwaga majibu linaniuma kama wewe.

Kwetu vitendawili tulitegewa na bibi, giza likishaingia, taa ya chemli katikati. Kitendawili! Tega! Ukishindwa, hakutoi jibu hivi hivi, anasema nipe mji. Na mji wa kwanza lazima aukatae. Ukimpa Muheza, anasema Muheza nimeshakula machungwa yake, nipe mwingine. Ukimpa Korogwe haumtoshi. Mpaka umpe mji anaoutaka, ndipo aanze: nilipofika huko nikapokewa, nikala, nikalala, nikaulizwa, nikajibu. Lakini kilichonikaa moyoni ni hiki: mmoja wetu akitoa mji na mwingine bado anawaza, yule anayewaza hutoka nje. Dada yangu alikuwa akikimbilia chini ya mwembe, ameziba masikio, na bibi humngoja afike ndipo aseme. Hakuna aliyemcheka. Kesho yake asubuhi dada anarudi na jibu lake mwenyewe, na bibi humpa sifa mbele yetu sote ingawa sisi tulishalijua tangu jana.

Kwa hiyo jibu lilikuwa kitu cha kuombwa. Mimi naona kundini tufuate hivyo hivyo. Aliyeshindwa aandike "natoa mji" na ataje mji wake, kisha mmoja wetu amfuate faraghani. Wengine hawasikii kitu.

Na kwa kuwa tumetaja miji: lile la mwezi uliopita, "Mji wetu kinyume, mzigo hautulii bila hiyo (5)", mimi nililipata kwa sababu tulipokuwa wadogo tulikuwa tukisemeshana kinyume ili wakubwa wasituelewe, silabi ya mwisho unaileta mbele. Ta-nga, nga-ta. NGATA, ile ya kichwani ya kubebea ndoo. Wa bara walilalamika kwamba si haki, wao hawakuchezea hivyo. Mimi naona ni haki kabisa, mchezo huo ni wa lugha yetu. Tena ningependa siku moja mwalimu atupe fumbo ambalo kila kiraba ni silabi badala ya herufi. Hizo A tatu zisingekuonea hivi.

Wima 4: huyo mama si wako peke yako, mzee. Ni wangu pia. Ni wa aliyeandika na wa atakayesoma.

KaraniWaMkonge

Bi, Mungu akulipe. Mama nimemjua, simtaji. Na picha ya Pongwe imeondoka mara moja, nimepumua.

Sasa kumfanya mdogo ndiko kumebaki. Nimemkata herufi ya mbele, nimemkata ya nyuma, hasimami. Na nikimkata herufi zinapungua wakati mimi nahitaji sita.

BahariaMstaafu, Chumbageni

Ndugu Karani, niruhusu nizunguke kidogo kabla sijafika kwenye neno lako.

Mafumbo haya ya hila nilijifunzia melini, kwenye magazeti ya Uingereza yaliyokuwa yakiachwa mezani kantini. Lile la miraba la kwanza lilichapishwa New York mwaka 1913, lakini hizi za pande mbili Waingereza ndio waliozikomaza, kuanzia miaka ya 1920. Mmoja wao alijiita Ximenes, na mwaka 1966 alitoa kitabu cha kanuni ambacho watunzi wanabishana juu yake hadi leo. Wafuasi wake hutaka maana iliyo sahihi, hila ya haki, na lisiwepo neno la bure. Nimelipima dokezo la mwalimu kwa mizani hiyo. Limepita.

Ila niliyetaka kumtaja ni Araucaria. Jina lake John Graham, kasisi wa Anglikana, aliyelitungia gazeti la Guardian tangu 1958. Januari 2013, akiwa na miaka zaidi ya tisini, alitoa fumbo lenye maelezo mafupi juu yake kwamba Araucaria ana namba fulani wima ya namba fulani, na inatibiwa kwa namba nyingine mbili. Ili kujua ana nini, ilikubidi ufumbue. Walioanza kujaza viraba wakaiona inatoka herufi kwa herufi: saratani, umio, tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu. Mzee alikuwa akiwaaga wasomaji wake kwa njia waliyozungumziana miaka yote. Alifariki Novemba mwaka huo huo.

Kila nikiona mtu anamwaga jibu, namkumbuka yule. Fikiria umeamka siku ile, chai mkononi, kalamu mkononi, na mtu anakwambia kabla hujajaza hata kiraba kimoja. Habari ungeipata, ndiyo. Lakini Araucaria hakutaka uipate hivyo. Alitaka akushike mkono mpaka mlangoni.

Huko Uingereza wanaoyajadili mafumbo hayo wana adabu moja naipenda: fumbo lenye zawadi halichambuliwi hadharani mpaka siku ya mwisho ya kutuma majibu ipite. Sisi yetu ni Alhamisi. Inatosha.

Sasa Wima 4. Usimkate. Mwingereza humdogosha mtu kwa neno la pembeni. Kiswahili kina njia yake, nayo si ya kupunguza.

DogoWaRaskazone

Mzee, kama bado, isome tena sentensi yako ya kwanza baada ya salamu, ile uliyoanzia huu uzi.

BintiPangani

Dogo! Hapo gunia limeshatoboka, mwanangu. Kuna wengine humu wanasoma na hawajafika. Ungemfuata faraghani.

DogoWaRaskazone

Samahani Bi, na samahani kwa wote. Nilidhani ni mlango, kumbe nimewafungulia na dirisha.

KaraniWaMkonge

Usimgombeze sana, Bi. Nilikuwa nimeshaipata kabla sijasoma ujumbe wake, alhamdulillahi. Ni la Baharia lililonifikisha. Nilizima taa ya baraza, nikaingia ndani, nikafika kwenye ngazi nikasimama hapo hapo. Nimerudi nje nimeijaza kwa wino. Saa sita na dakika kumi.

Sitaitaja. Nitasema tu kwamba kila neno katika lile dokezo linafanya kazi, hata "wazee wamemzunguka", na kwamba mwalimu anatujua sana sisi watu wa hapa.

Asante Baharia kwa habari ya yule kasisi. Nimeisoma mara mbili. Asante kwa mizani yako pia.

MwalimuMtunzi

Nimewasoma wote tangu jana, nikajizuia kuingia, maana mtunzi akisema hata neno moja ni kama amesaidia. Karani, hongera. Na pole kwa picha ya mama; sikukusudia majonzi. Maneno yalinijia yenyewe yakiwa yamekaa hivyo.

Bi wa Pangani, la mji nimelichukua. Kuanzia Ijumaa hii nitaliandika juu ya karatasi: jibu kabla ya Alhamisi ni kwa atakayetoa mji, na litatolewa faraghani. La silabi nalifanyia kazi. Ni gumu kuliko mnavyodhani, maneno yetu yanapenda kufanana miishilio, na nimeshachana karatasi nne.

KaraniWaMkonge

Tumekubaliana, mwalimu.

Jamani, Mlalo 7, ile ya "wa jikoni moto, wa mikokoni ana magando, na mgeni huambiwa (3)". Mji sitoi bado. Ila nani ameshafika, aniambie tu maana ziko ngapi.