Wapiga mbizi wa Dar, tupeane uzoefu: mnalipwaje, na bahari ikichafuka siku hiyo analipa nani?

Kasa wa Msasani (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Nikisema napiga mbizi, mtu anadhani nachota dola. Mimi ni daivimasta, yaani kiongozi wa wazamiaji chini ya maji, upande wa Msasani, tunapeleka wageni Mbudya, Bongoyo na miamba ya jirani. Nalipwa elfu hamsini kwa siku niliyoingia majini, na bakhshishi mgeni akijisikia. Sasa tazama kazi yenyewe. Alfajiri napakia mitungi, na mmoja ukijaa unapita kilo 15. Chini nahesabu hewa ya mgeni na yangu, nampandisha kabla geji ya mgandamizo wa hewa haijashuka baa 50, tunatulia mita 5 kwa dakika 3 ndipo tunatoka. Jioni naosha regulata (kifaa cha kupumulia) na suti kwa maji baridi, najaza mitungi ya kesho. Hiyo ya jioni haina malipo, eti ni "sehemu ya kazi". Upepo ukivuma safari inafutwa na mimi nimefutwa nayo. Masika ndiyo usiseme.

Mlio kwenye fani, wa watalii, wa bandarini, hata mlioacha: mlianza na kiasi gani, mna mkataba, bima anakata nani? Wa "nenda Zanzibar" wapite pembeni, huko nimeshafika.

Fundi Propela

Kaka, wewe angalau unaona samaki. Mimi ni wa matumbo ya meli: kukwangua uchafu ulioganda, kukata kamba zilizojisokota kwenye propela, kupiga picha za bamba. Maji ya bandarini ukinyoosha mkono huuoni.

Malipo ni kwa kazi. Wakala anaelewana na meli, anakuja kwa msimamizi wetu, msimamizi anakuja kwangu, na kila mmoja njiani amemega. Nimewahi kulipwa laki na nusu kwa kazi ya usiku, baadaye nikasikia ankara iliyokwenda melini. Sikulala vizuri.

Ila hela siyo inayonitoa jasho. Kuna matundu yanayovuta maji ya kupoza injini, ukiyakaribia yakiwa wazi yanakunyonya. Na propela ikizungushwa uko chini, hakuna cha kusimulia. Kwa hiyo sishuki mpaka nione injinia wa meli amezima na karatasi imesainiwa. Kuna msimamizi aliniambia "unatuchelewesha", akamwita mwingine. Sawa, achukue.

Mama Mitungi

Nimefundisha kozi kwa miaka mingi, Dar na visiwani. Watu wasichojua: ada ya uanachama ya kila mwaka ili cheti changu kiendelee kuwa hai naitoa mfukoni mwangu. Bima vilevile. Nikifundisha nalipwa kwa kichwa cha mwanafunzi. Wanafunzi wasipokuja, nakuwa mlinzi wa kompresa, mashine ya kujazia mitungi hewa.

Halafu nikashika mimba. Ushauri wa kitaalamu ni kutozamia kabisa, kwa sababu haijulikani mapovu ya gesi yanayotokea mwilini ukizamia yanamfanya nini mtoto. Bosi akasema "pumzika dada, tutakuita". Sheria ya ajira ya 2004 inampa mama siku 84 za uzazi zenye malipo, lakini kwa jina nilikuwa deiwaka, ingawa nilifungua na kufunga ofisi ile kila siku. Waliniita mtoto alipoanza kutembea.

Nahodha Mstaafu

Mimi nina boti, niwasemee wenye boti kidogo. Mafuta, filta za kompresa, leseni, ada za hifadhi, na miezi ya mvua boti imelala. Nikimlipa kila mtu mshahara wa mwezi nafunga biashara. Kwani mnalazimishwa?

Mama Mitungi

Nahodha, boti ikilala nanga unainunulia. Basi hata mtu naye anunuliwe unga.

Mzee wa Kilwa

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Sisi tulizamia majongoo bahari kwa kompresa ya kwenye boti na mpira mrefu mdomoni, mambo ambayo kanuni za uvuvi haziruhusu. Hatukujua jedwali la muda wa kukaa chini wala saa. Unashuka, unajaza, unapanda kama chupa tupu, unarudi tena. Jioni magoti na mabega yanauma, wenzetu wengine miguu ikakataa. Tukasema ni shetani wa bahari, tukaenda kwa mganga. Kumbe ni naitrojeni inatoka kwenye damu kwa fujo, na dawa yake ni oksijeni mapema na chemba ya mgandamizo, chumba maalumu cha hospitali kinachoongezwa mgandamizo wa hewa. Goti langu la kushoto mpaka leo linanitabiria mvua. Tajiri wetu alikuwa anatulipa kwa kilo, na goti halikuwa kwenye mizani yake.

Wakili wa Mtaani

Nawasomea hapa naona makosa yale yale. Mwajiri anatakiwa akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Mkifika kwenye shauri akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye, siyo wewe. Tunza meseji za "kesho njoo saa 12", tunza miamala ya simu. Ukiachishwa, una siku 30 tu kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Fundi Propela, mwulize msimamizi wako kama anachangia mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Mchango huo ni wa mwajiri, hatakiwi kukukata hata shilingi.

Fundi Propela

Nilimuuliza leo asubuhi. Kasema nimekuwa mwanasiasa.

Dogo wa Kunduchi

Wakuu nimesoma yote. Fundi Propela, hiyo kazi ya usiku bado ipo? Naogelea vizuri sana, njoo inboksi.