Naombeni ushauri: namchora babu kwa wino na chaki, ndevu hazitokei

Kijana wa Shangani: Wakuu, heshima kwenu. Nipo Mtwara mjini, namchora babu yangu wa Newala. Umri umeenda, na usoni ana chale za Wamakonde wa zamani. Nataka afanane kabisa. Mikunjo na kofia nimetumia wino, ndevu chaki ya ubaoni, kwenye manila nyeupe. Ndevu hazionekani, na nikiisimamisha picha chaki inapukutika. Halafu shangazi anasema chale niziache, eti watu watamcheka. Nifanyeje?

Korosho Ghafi: Chaki nyeupe juu ya karatasi nyeupe, ulitegemea nini mkuu? 😂 Tumia kaki au manila ya kijivu. Karatasi yenyewe inakuwa ngozi, wino unabeba vivuli, chaki unagusisha panapopiga mwanga tu: ndevu, pua, mfupa wa shavu. Mwaka 1521 mchoraji wa Kijerumani Albrecht Dürer alimchora mzee wa miaka 93 kule Antwerp, Ubelgiji ya leo, kwa mtindo huo, wino na rangi nyeupe kwenye karatasi iliyopakwa rangi. Itafute, uangalie ndevu zile.

Ticha Lindi: Chaki ya ubaoni imetengenezwa ifutike, ndiyo maana inapukutika. Tafuta chaki laini za wachoraji, zina gundi kidogo. Anza na wino, ukauke, ndipo chaki. Ukigeuza, vumbi litaziba nibu, ile ncha ya kalamu ya wino. Chukua wino wa masizi, haupauki kwa mwanga kama ule wa kalamu za kawaida. Kwenye fremu, kioo kisiguse mchoro, weka ukingo wa kadibodi katikati. Unyevu wetu huu wa pwani unaleta kuvu.

Kijana wa Shangani: Spreyi ya nywele je?

Ticha Lindi: Inashika, ila inafifisha weupe wa chaki, na baadaye karatasi inaweza kugeuka njano. Jaribu kwanza kwenye kipande.

Bint Makonde: Mnahangaika na chaki, suala ni chale. Shangazi hana usemi hapo, muulize mwenye uso. Na usizipige mistari myeusi ya nibu. Zilichanjwa zikapakwa mkaa, rangi imezama ndani ya ngozi, inakaribia bluu. Punguza wino kwa maji, tumia brashi, na mistari ipinde pale mikunjo ilipoivuta. Uzee umezisogeza hizo.

Kijana wa Shangani: Nimemuuliza. Kasema nisipoziweka, nisiandike jina lake chini ya picha.

Korosho Ghafi: Shangazi kashaambiwa?

Kijana wa Shangani: Bado. Manila ya kijivu nimeipata steshenari, naanza upya.

Bint Makonde: Ukimaliza tupia hapa, babu akikubali.