Ateri yenye mafuta: mbona asetilikolini inaibana badala ya kuitanua?

Swali
Asetilikolini, kemikali ya kupitisha ishara za neva, ikiingizwa kwenye ateri ya moyo iliyo nzima, ateri hutanuka. Kwenye ateri yenye mafuta ukutani, hubana. Ila ukifuatisha nitroglisarini, ateri hiyohiyo inafunguka. Kama ukuta umeharibika, mbona dawa moja inakubali na nyingine inageuka?

Jibu 1
Hazipiti njia moja. Asetilikolini hailegezi msuli yenyewe: inaamsha seli za utando wa ndani, yaani endothelia, zitoe nitriki oksidi, na hiyo ndiyo inayolegeza. Ugonjwa huanzia hapohapo. Nitriki oksidi inatoka kidogo, na hicho kidogo kinaharibiwa na superoksaidi (aina ya oksijeni yenye madhara) kabla hakijafika kwenye msuli. Asetilikolini inabaki na vipokezi vya msuli, na huko kazi yake ni kubana tu. Nitroglisarini hubadilishwa kuwa nitriki oksidi ndani ya msuli wenyewe, haihitaji endothelia. Watafiti Furchgott na Zawadzki walionyesha kwamba asetilikolini inahitaji endothelia mwaka 1980 kwa aota ya sungura: ukikwangua utando wa ndani, ulegevu unatoweka.

Jibu 2
Na hapo ndipo mtego wa maabara ulipo. Kwenye pete (vipande) za ateri za milimita 2 hadi 3, kibano kikisugua upande wa ndani, pete ya mnyama mwenye afya inatoa majibu ya mgonjwa. Shika ukingo wa nje tu. Ibane pete kwanza kwa fenilefrini, dawa ya kubana mishipa, maana isiyobanwa haina pa kulegea. Kisha weka asetilikolini kuanzia nanomola 1 hadi mikromola 10, ukingoja mstari wa mkazo kwenye grafu utulie kila dozi. Malizia na nitroprusaidi ya sodiamu, ambayo kama nitroglisarini hulegeza msuli bila endothelia. Wengi wanairuka hii, halafu wanatangaza endothelia imekufa. Pete isipolegea hata kwa nitroprusaidi, shida iko kwenye msuli.

Muuliza swali
Na kwa binadamu, bila kuingiza mrija?

Jibu 3
Mkanda wa presha kwenye kigasha, dakika 5, zaidi ya presha yake ya juu (ya sistoli) kwa angalau 50 mmHg. Ukiachia, damu inakwenda kasi, kasi hiyo inaamsha endothelia, na ultrasaundi inapima ateri ya mkono ikitanuka. Baada ya kupumzika, nitroglisarini mikrogramu 400 chini ya ulimi, pima tena dakika ya 3 hadi 4. Aliyemeza sildenafili (Viagra) ndani ya saa 24 asipewe: presha inaweza kuporomoka vibaya. Usitegemee pia sehemu iliyokakamaa kwa kalsiamu itanuke. Hiyo haifuati dawa yoyote.