Maziwa ya mtoto mwenye mzio yananimaliza: wapi Dar nitapata ya bei nafuu?

Mpangaji_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Mtoto wetu ana miezi minne, kilo 6, na ana mzio wa maziwa ya ng'ombe. Daktari alimtoa kwenye kopo la kawaida akamwandikia yale maalumu ambayo protini yake imevunjwavunjwa. Vipele vimekauka, damu kwenye choo imekata, kwa hiyo maziwa yenyewe sina ugomvi nayo. Shida ni hela. Kopo ni la gramu 400, na kwa mwezi yanapita kodi ya nyumba. Nasikia Kariakoo kuna watu wanauza kwa bei ya chini, na kuna jamaa wanaleta kwenye mabegi kutoka nje. Mwenye chimbo anielekeze. Natanguliza shukrani.

Ngedere Mstaafu
Miezi minne anakunywa kodi? Mwandikieni mkataba wa pango kabisa.

Bi Kizaazaa
Maziwa ya mama ni bure. Kina mama wa siku hizi wanakimbilia makopo halafu wanakuja kulia huku.

Dirisha la Dawa
Kabla ya chimbo, jua kupima bei. Gawa bei kwa gramu, zidisha kwa 100. Tuseme kopo la 400 ni elfu 80: gramu 100 zinasimama elfu 20. La 800 likiwa laki na 36, gramu 100 ni elfu 17. Likishafunguliwa limalizwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye lebo, mara nyingi ni kama mwezi, na mtoto wa umri huo atalimaliza mapema.

Ukienda Kariakoo angalia tarehe na namba ya toleo, na ufunguapo ukute karatasi ya ndani haijaguswa. Kopo lililobonyea kwenye mshono, tarehe iliyokwanguliwa, au unga uliopimwa kwenye mifuko, rudisha hapo hapo. Ya kwenye mabegi hujui yamekaa juani siku ngapi, na lebo ikiwa ya lugha usiyoisoma utakosea vipimo. Kijiko cha kopo moja hakihamii kopo lingine.

Usije ukauziwa lililoandikwa "halina laktosi" ukidhani umeokoa. Laktosi ni sukari, mzio wa mwanao ni wa protini. Yenye herufi HA nayo protini imekatwa kidogo tu, hayatibu mzio. Ya soya, chini ya miezi sita hapana, labda daktari aseme.

Zizi la Kigamboni
Mkuu, unateseka bure. Maziwa ya mbuzi, yanakamuliwa alfajiri, nakuvushia Feri. Njoo inbox.

Mpangaji_Tabata
@Zizi la Kigamboni nimekuja. Nimeshatoa hata nusu ya hela ya wiki ya kwanza.

Dirisha la Dawa
Irudishe hiyo hela. Protini za mbuzi na za ng'ombe zinafanana kiasi kwamba wengi wenye mzio wa ng'ombe wanapata na wa mbuzi. Na hata mtoto asiye na mzio, maziwa ya mbuzi matupu yana asidi ya foliki (vitamini ya kujenga damu) kidogo mno kwa mtoto mchanga.

Zizi la Kigamboni
Babu zetu walikunywa.

Kasoro Robo
Mleta uzi, jibu moja: kwa mwezi mnanunua makopo mangapi?

Mpangaji_Tabata
Sita.

Kasoro Robo
Basi hii ni chai, na haina hata tangawizi. Hesabu ndogo tu. Mtoto wa umri huo anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 6 ni mililita 900, yaani chupa 6 za 150. Makopo mengi ya aina hii ni kijiko kimoja cha gramu 4.5 kwa mililita 30 za maji. Chupa moja vijiko 5, siku nzima vijiko 30, gramu 135. Kopo la 400 halifiki siku tatu. Kwa mwezi ni makopo 10. Wewe la kwako linakwenda siku tano. Mtoto hayupo, au kopo ni la kufikirika.

Ngedere Mstaafu
Jamaa anatafuta wateja wa mabegi. Nimekaa pale.

Mpangaji_Tabata
Mtoto yupo. Anapewa chupa sita kama ulivyosema. Tunaweka vijiko 3.

Na kabla hamjanirukia, hatujaanza siku nyingi, ni wiki tatu. Anashiba, analala vizuri kuliko mwanzo. Na usiku ananyonya kwa mama yake, kwa hiyo virutubisho vingine anapata.

Kasoro Robo
Vijiko 3 mara chupa 6 ni 18, gramu 81. Siku tano kasoro. Nafuta niliyosema kuhusu chai.

Mizani ya Kliniki
Ndugu, acha bei kwanza. Maji yakizidi, chumvi ya sodiamu kwenye damu inashuka, na figo za mtoto mdogo haziwezi kuyatoa yote. Inaanza na usingizi mwingi na kunyonya kwa uvivu, mwisho wake degedege. Huko "kulala vizuri" ndiko kunakonitisha. Chupa inayofuata ni vijiko 5: maji kwanza, kisha unga, kijiko kisawazishwe, kisishindiliwe. Usiongeze uji wala sukari. Akiwa mzito kuamka, anatapika, au amevimba uso, nendeni hospitali usiku huu. Kadi ya kliniki inasemaje?

Mpangaji_Tabata
Leo 6.0. Mwezi uliopita 5.9. Anaamka kawaida na analia kwa nguvu.

Mizani ya Kliniki
Gramu 100 kwa mwezi katika umri huo ni kidogo sana. Asubuhi mpelekeni akapimwe, na kopo mwende nalo.

Hilo la kunyonya usiku ungelisema mwanzo, maana nafuu yako iko hapo. Mama aache maziwa ya ng'ombe yote: chai ya maziwa, mtindi, siagi, na skonzi au biskuti zenye maziwa. Anywe chai ya rangi, dagaa wa kuliwa na mifupa asiwakose kwa ajili ya kalsiamu, na aulize kliniki kuhusu vidonge vya kuongezea. Akinyonyesha au kukamua mara 8 hadi 12 kwa siku, maziwa yanaweza kurudi na makopo yakapungua. Kama ameajiriwa, likizo ya siku 84 ikiisha sheria ya ajira inampa muda wa kunyonyesha, hadi jumla ya saa 2 kila siku.

Pia, kama hamjajaribu, muulize daktari kuhusu kumrudishia kwa majaribio protini ya ng'ombe baada ya wiki 2 hadi 4 za kuiacha. Dalili zisiporudi, huenda halikuwa suala la mzio, na kopo la kawaida litamtosha. Lakini kama siku ya kwanza alivimba midomo au kubanwa kifua, msijaribu nyumbani.

Dirisha la Dawa
Na msimwage. Changanya mililita 90, akitaka zaidi ongeza 30. Chupa aliyoianza isikae zaidi ya saa moja tangu aianze. Umeme ukikatika, maji ya moto yakae kwenye chupa ya chai, unga pembeni.

Bi Kizaazaa
Kumbe mama ananyonyesha. Samahani.

Mpangaji_Tabata
Nimechanganya vijiko 5. Amemaliza chupa yote na bado anatafuta. Nimpe nyingine?

Mizani ya Kliniki
Mpe. 60, vijiko 2.