Wajukuu wa Bibi Rehema 🌴

Neema: Shikamoo shangazi, habari zenu Nairobi. Tumepata nyumba hapa Kabwe, Zambia, mtaa wa Kasanda. Kodi nafuu sana. [picha]

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Mbona Tariq yuko mchangani na kidole mdomoni?

Neema: Nimechoka kumkataza 😂

Juma: Mwondoe hapo kwanza. Kasanda iko ubavuni mwa ule mgodi wa zamani wa risasi (yale madini ya lead, yana sumu) na zinki.

Omari: Si ulifungwa 1994?

Juma: Ulifungwa, uchafu ukabaki. Walichimba karibu miaka 90 na mabaki yako wazi mpaka leo, upepo unayapeperusha majumbani. Risasi haiozi.

Shangazi Zuhura: Basi wachemshe maji.

Juma: Kuchemsha kunaua vijidudu tu, shangazi. Na huko balaa lenyewe ni vumbi. Linaingia na viatu, linatua sakafuni, mtoto anatambaa, vidole mdomoni. Na tumbo la mtoto linafyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko letu.

Neema: Lakini ni mzima, anakula, anacheza

Juma: Ndiyo ubaya wake. Inakula ubongo kimyakimya, dalili utaziona akianza shule, kushika masomo ni taabu. Ukingoja degedege umechelewa. Nenda kliniki useme wazi unataka kiwango cha risasi kwenye damu, maana vipimo vya kawaida havionyeshi. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe na kiondolewe. Si kwamba chini ya hapo ni salama.

Omari: Kama watu wa mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, walivyodhuriwa na risasi ya kile kiwanda cha kuyeyusha betri. 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Shangazi Zuhura: Fidia haimrudishii mtoto akili.

Neema: Dada wa kazi anafagia asubuhi na jioni lakini

Juma: Asifagie kavu! Anarusha vumbi lote juu. Apige deki, viatu vibaki mlangoni, Tariq anawe mikono kabla ya kula. Mpe dengu na maziwa, mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma au kalisi anafyonza risasi zaidi. Na msipande mboga hapo uani.

Neema: Mwenye nyumba anasema ni maneno ya watu tu

Shangazi Zuhura: Anataka kodi yake huyo. Mmelipa miezi mingapi?

Neema: Mmoja

Shangazi Zuhura: Huo mmoja uende tu. Tafuteni nyumba mbali na huo mgodi. Omari, mtumie dada yako pesa ya kuhamia.

Omari: Mimi tena?? 😩

Shangazi Zuhura: Leo.